Mama, usiichome ile roboti

PASTA ANAJIBU BARUA ZA JAMAA



Mwezi huu barua zimefika nyingi, lakini nimeziweka kando juu ya moja. Imetoka kwa mama mmoja wa upande wa Lulingu, hapa hapa Shabunda. Jina lake halitaandikwa, ndiyo desturi ya ukurasa huu.

Mama anasema hivi, nami ninafupisha. Mwanawe wa miaka 15 alipewa na mjomba wake, aliyetoka ng'ambo, kisanduku chenye roboti ya plastiki ya kuunganisha. Kijana akaiunganisha kwa siku 3, hata chakula anakumbushwa. Sasa roboti iko mezani, lakini moyo wake hautulii. Ameona katika simu picha ya zile roboti za kuongoza magari kule Kinshasa, naye anataka kugeuza hii yake iwe kama zile. Anasema watu wa ng'ambo hutumia kitu kinaitwa rezini, na kwamba rezini pamoja na mpira wa kutengenezea kalibu vitafika dola 80. Mama hana dola 80. Basi kijana amejibu: “Likizo kubwa ikifika nitashuka shimoni na wakubwa, juma mbili tu, nitarudi na pesa.” Mzee mmoja wa kanisa, ambaye kazi yake ni useremala, aliposikia maneno hayo akaitazama ile roboti, akasema hiyo ni sanamu, ichomwe moto, na habari ya shimo itakwisha pamoja nayo. Mama anauliza: Pasta, niichome?

Mama yangu, hapana. Usiichome. Dola 80 nazo usizitafute. Na shimoni asishuke. Nianze na hili la mwisho, juu ndilo linaweza kuua.

Sisi wa Shabunda hatuhitaji mtu wa kutueleza shimo ni nini. Tunajua udongo uliolowa mvua namna unavyoanguka bila kupiga hodi. Kanuni ya Madini ya 2002, ile iliyorekebishwa 2018, inatoa karata ya mchimbaji kwa mtu mzima tu. Sheria ya kulinda mtoto ya 2009 inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajafikisha miaka 18. Kwa hiyo huyu wako ni mtoto, hata kama ndevu zimeanza na sauti imekuwa nzito. Tena iko jambo ambalo kila mzazi wa kalieri analijua: ile “juma mbili” haina mwisho. Mtoto anakula kwa deni, anapewa buti na tochi kwa deni, PDG wa shimo anaandika katika daftari lake, na siku ya kulipwa anaambiwa bado amebakiza. Septemba masomo yanafunguliwa, yeye yuko chini anafukuza deni. Hilo umwambie wazi bila kupiga kelele. Na baba yake, kama yupo karibu, naye aseme neno lile lile; mtoto akisikia maneno mawili atachagua lile analolipenda.

Sasa juu ya moto. Plastiki ya roboti hizi kwa sehemu kubwa ni ya aina inayoitwa polistireni. Ukiichoma inatoa moshi mweusi wenye masizi mazito, ambao haufai kwa kifua cha mtu yeyote, sembuse watoto wanaokaa karibu na jiko. Hata kama roboti ingekuwa mbaya, ningekuambia uizike.

Lakini je, ni sanamu? Mzee wetu hakusema hivyo kwa ubaya, anaiogopa amri. Biblia yetu ya Kiswahili inalo neno zuri la kazi hii ya kalibu: kusubu. Kusubu ni kumimina kitu kilichoyeyuka ndani ya kalibu mpaka kigande na kuchukua umbo lake. Katika Kutoka 32 wanasubu ndama wa dhahabu, ndiyo kweli. Lakini mlango mmoja tu nyuma yake, Kutoka 31, Bezaleli anapewa akili ya kazi za ufundi za kila namna. Na katika 1 Wafalme 7 utamkuta Hiramu wa Tiro, mwana wa mjane, ambaye vyombo vya shaba vya hekalu vilisubiwa katika udongo wa bonde la Yordani. Kazi ya mikono ilikuwa ile ile. Ndama walimsujudia, vyombo walivitumia. Mimi sijaona bado mtoto wa Shabunda akiisujudia roboti yake. Nimeona akiisahau nje kwenye mvua.

Basi tuelewe kijana anaomba kitu gani, sababu mzazi asiyeelewa ombi hukubali yote au hukataa yote.

Roboti hizi za kuunganisha zina asili yao Japani. Mwaka 1979 televisheni ya huko ilianza kuonyesha hadithi ya Gundam, iliyoongozwa na Yoshiyuki Tomino, na roboti zake zilichorwa na Kunio Okawara. Mwezi wa Julai 1980 kampuni ya Bandai ikatoa Gundam ya kwanza ya kuunganisha, kwa yeni 300, bei ambayo mtoto wa shule wa Japani aliweza kuiweka akiba. Zile za kwanza ziliunganishwa kwa kole. Hizi za baadaye nyingi hushikana zenyewe kwa kubana kipande ndani ya kipande. Mama ameandika kwamba juu ya kisanduku kuna 1/144. Maana yake ni kipimo. Katika hadithi ile roboti ina urefu wa meta 18. Gawanya kwa 144, utapata sentimeta 12 na nusu, urefu wa kalamu fupi. Naamini hiyo ya mezani kwenu ni ya jamaa hiyo.

Kiwandani vipande hivi vinatoka katika kalibu ya chuma. Plastiki ya moto inasukumwa ndani kwa nguvu kubwa, inapoa, kalibu inafunguka, inatoka fremu yenye mikono na miguu imeshikamana kama samaki kwenye kijiti. Kalibu ile ya chuma ni ya gharama sana, ni kampuni tu inaiweza. Ndiyo maana watu wapenzi wa kazi hii, wakitaka kichwa cha namna nyingine au bega la namna nyingine ambalo kampuni haijalitoa, walitafuta njia ya nyumbani. Mtu anachonga kichwa kimoja kwa mkono, vizuri kabisa. Halafu anakitengenezea kalibu ya mpira, na ndani yake anamimina rezini. Anapata vichwa 10, 20, wakati mwingine makumi kadhaa kabla mpira haujachoka na kupasuka. Anavitia katika kifuko pamoja na mabega na kifua, anawauzia wenzake. Hicho kifuko peke yake si roboti. Ni vipande vya kugeuzia. Mnunuzi lazima awe na ile ya plastiki, aondoe kichwa chake, aweke hiki kipya. Kule Japani kuna soko kubwa la vitu hivi linaitwa Wonder Festival, lilianza 1985.

Na kalibu ya mpira inafanywaje? Wale mumewahi kusimama karibu na mafundi wa kuyeyusha sufuria, munajua tayari nusu ya kazi. Fundi anakusanya aluminiamu iliyochakaa. Anachukua sufuria nzima, anaizika katika udongo laini ndani ya masanduku mawili yanayofunikana, anagandamiza, anafungua, anatoa sufuria, na pale ilipokaa panabaki nafasi tupu. Anafunika tena, anamimina aluminiamu iliyoyeyuka kwa tundu la juu, na tundu lingine linatoa hewa. Akisahau tundu la hewa, sufuria inatoka na kidonda. Kwa kichwa cha roboti ni namna ile ile. Kinazikwa nusu katika udongo laini, kinazungushiwa ukuta wa karatasi ngumu, anamimina silikoni, ule mpira mzito kama uji, anaacha ugande kwa siku moja hivi. Anageuza, anatoa udongo, anapaka vazelini juu ya mpira ili nusu ya pili isishikamane na ya kwanza, anamimina tena. Zikigandishwa zote mbili, anazitenganisha, kichwa kinatoka, nafasi inabaki.

Hapa niwaambie kitu kidogo kitakachowafurahisha watu wa kasiterite. Iko silikoni ya aina moja ambayo hugandishwa kwa dawa yenye bati ndani yake. Bati ndiyo ile Wafaransa wanaita étain, na bati hupatikana kwa kuyeyusha kasiterite. Kwa hiyo mawe yanayotoka katika milima ya namna ya kwetu yanaweza kufika mpaka kwenye kalibu ya roboti ya mtoto wa Tokyo, na sisi hatujui.

Sasa rezini yenyewe. Inayotumiwa zaidi ni poliuretani. Inakuja katika chupa mbili, kila moja ni maji maji. Ukizichanganya kwa kipimo chake sawasawa, ndani ya dakika chache mchanganyiko unapata joto wenyewe, unabadilika rangi, unakuwa mgumu kama mfupa. Ni kitu cha kupendeza kukitazama, sikatai. Lakini kwa nyumba ya mama huyu ninasema hapana, na sababu zangu si za kanisa.

Ya kwanza ni mvua yetu. Moja ya zile chupa mbili ina dawa inaitwa isosianati, ambayo haipatani na maji hata kidogo. Ikipata unyevu inatoa hewa, na rezini inajaa mapovu. Hata godoro la sponji unalolalia ni la jamaa hiyo hiyo ya poliuretani: kiwandani mara nyingi maji yanatiwa makusudi ili livimbe. Katika msitu wetu, ambako chumvi inalowa ndani ya kopo na mashuka hayakauki siku 3, chupa ikifunguliwa mara moja tu inaanza kuharibika. Kijana atatoa dola 80, atapata vichwa 2 vizuri na vingine vyote vitakuwa kama mkate.

Ya pili ni kifua. Isosianati ile ile inajulikana katika viwanda kama mojawapo ya sababu kubwa za ugonjwa wa pumu unaotokana na kazi. Mtu anaweza kufanya nayo kazi muda fulani bila shida, halafu siku moja mwili unaikataa, na tangu siku hiyo hata mvuke kidogo tu unamfunga pumzi. Wanaoitumia vizuri wanafanya kazi mahali penye hewa ya kupita, wana glavu, wana miwani, wana kinyago cha chujio kinachofaa dawa hiyo. Kitambaa puani si kinyago. Hata ikishaganda, vumbi lake ukilisugua kavu linaingia mapafuni kama vumbi la mawe. Nani hapa hajamsikia mchimbaji wa zamani akikohoa usiku?

Ya tatu ni njia. Mzigo kutoka Bukavu kuingia Shabunda ni gharama juu ya gharama, na dawa za maji maji si kila rubani anazikubali.

Lakini sababu kubwa kuliko hizo tatu ndiyo hii, na ningependa kijana aisome mwenyewe, mama umpe gazeti mkononi. Mwanangu, kalibu ni ya mtu anayetaka vichwa 20. Wewe unataka kimoja. Yule fundi wa Japani, kabla ya silikoni na kabla ya rezini, alichonga kichwa cha kwanza kwa mkono wake. Kile cha kwanza ndicho kazi yenyewe. Yanayofuata ni kunakili tu, ili auze. Wewe ukishachonga kile cha kwanza, ukakiweka juu ya shingo ya roboti yako, umemaliza. Hizo dola 80 ulitaka kununua nakala za kitu ambacho bado hujakichonga.

Basi tufanye kazi.

Roboti za Kinshasa si hadithi ya televisheni. Mwaka 2013 mhandisi wa kike, Thérèse Kirongozi, pamoja na chama chake cha Wotech, walisimamisha mbili za kwanza katika njia panda za jiji. Zilitengenezwa kwa aluminiamu, urefu karibu meta 2 na nusu, zilipata umeme kutoka sahani za jua, zilikuwa na taa nyekundu na kijani, zilikuwa na kamera, kifua kiligeuka na mikono iliinuka kusimamisha magari. Mwaka 2015 zikaongezwa nyingine 3, zikapewa majina: Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Hiyo ni kazi ya Wakongomani. Ninafurahi kwamba mtoto wa Lulingu, akiwa na roboti ya Japani mezani, ameona afadhali aigeuze iwe ya kwetu.

Kipimo kwanza. Ya kweli ni karibu sentimeta 250, yako ni 12 na nusu. 250 gawanya kwa 12 na nusu ni 20. Kwa hiyo kila kitu kitakuwa sehemu 1 ya 20. Taa ya sentimeta 20 kwako ni sentimeta 1. Kama hujui vipimo vya ile ya kweli, tumia picha: tafuta picha inayoonyesha roboti imesimama wima, kutoka mbele, si ya pembeni. Pima urefu wake kwenye kioo cha simu kwa rula. Ikiwa ni sentimeta 5, basi kila utakachopima juu ya picha ukizidishe mara 2 na nusu. Kichwa cha milimeta 6 kitakuwa milimeta 15. Chora mbele, ubavu na mgongo katika karatasi ya mistari ya mraba ya daftari la hesabu. Usichukue kisu kabla mchoro haujakwisha. Ninajua utachukua, lakini nimesema.

Halafu ujiulize nini kibaki na nini kitoke. Viungo vya roboti yako, pale begani, kwenye kiwiko na kiunoni, vibaki kama vilivyo. Kampuni ilivifanya vizuri kuliko wewe au mimi tutakavyoweza. Utabadilisha ngozi ya nje tu: kichwa, kifua, mabega, na yale mapambo ya vita uyatoe yote, juu askari wa barabarani habebi panga.

Vitu vya kutengenezea viko. Kichwa na mabega chonga kwa mti mwepesi, usio na nyuzi nene. Kwa kifua chukua kopo la kinywaji lililotupwa, kata bati lake laini la aluminiamu kwa makasi, likunje juu ya kipande cha mti. Hapo utapata mng'ao wa ile ya kweli bila rangi. Lakini uangalie vidole, ukingo wake ni wembe. Mwili wa kalamu ya Bic, ule unaopitisha mwanga, ni polistireni kama roboti yenyewe, unafaa kwa vipande vya mikono. Bidoni na beseni usijaribu, plastiki yake haishiki kole hata ukiomba. Penye shimo au ufa ziba kwa unga wa mbao uliochanganywa na kole nyeupe ya seremala. Wale walio karibu na mafundi wa karoseri ya magari waombe mastiki kidogo, ile ya kuchanganya na dawa ya pili. Inaganda upesi na inachongeka vizuri. Nayo inanuka sana, basi ni kazi ya nje, uwanjani. Taa toa katika redio au tochi iliyokufa, moja nyekundu na moja kijani.

Kuna sehemu moja ambayo wengi wanaiharibu, iwe kwa rezini ya Japani au kwa mti wa Shabunda, nayo ni kuunganisha kitu kigeni na plastiki. Kole ya plastiki inafanya kazi kwa kuyeyusha kidogo plastiki zote mbili zikashikamana. Mti hauyeyuki, rezini haiyeyuki, kwa hiyo kole hiyo haina kazi pale. Unahitaji kole kali ya haraka, ile ya tyubu ndogo inayokamata vidole, au ile ya tyubu mbili za kuchanganya. Na kole peke yake haitoshi. Kumbuka kipande cha plastiki kina uwazi ndani, ni chepesi. Chako ni kizima, kina uzito. Bega likiwa zito mkono utalala chini kila siku. Kwa hiyo ukitoboe ndani kipungue uzito, na penye maungano tia msumari mwembamba: toboa tundu dogo katika plastiki, toboa lingine katika kipande chako, kata kipande cha waya wa chuma urefu wa sentimeta 1, kiingie huku na huku, ndipo uweke kole. Jaribu kwanza pasipo kole. Jaribu mara 5. Kinachokataa kuingia usikigonge. Sugua kidogo, jaribu tena.

Na kila unaposugua, lowesha msasa katika maji. Vumbi linabaki majini badala ya kupanda puani. Maji yale usiyamwage kwenye majani ya kuku.

Sasa niseme juu ya wenzake, kwa kuwa najua kijiji. Roboti ikimalizika watakuja watoto 6 wakitaka kichwa kama kile. Hapo ndipo kalibu itakuwa na maana, na bado si ya dola 80. Silikoni ya kuzibia madirisha, ile ya tyubu inayonuka kama siki, ukiikanda pamoja na unga wa maizena inaganda upesi, nayo inatoa kalibu nzuri ya kutosha. Anayeikanda afanye kazi hiyo nje na mikono aivike mifuko ya plastiki. Ndani ya kalibu hiyo mimina plasta, ile nyeupe ya kupamba ukuta, au nta ya mshumaa kwa majaribio. Nta ya nyuki pia inakubali, na msitu wetu unayo. Kichwa cha plasta kinavunjika kikianguka, lakini kinapakwa rangi vizuri, na mtoto aliyekivunja atajifunza kumimina kingine.

Kama watalipa, walipe yeye aliyechonga. Kunakili kazi ya mwenzako bila kumwuliza na kuiuza ni jambo baya katika ufundi huu kama katika mwingine wowote. Kule kwenye soko la Japani niliyolitaja, muuzaji mdogo anapata ruhusa kutoka kwa wenye hadithi, ruhusa ya siku ile moja tu, ndipo anauza. Tena nakala ya nakala inajionyesha yenyewe, juu rezini inasinyaa kidogo kila inapoganda: kichwa kinakuwa kidogo kuliko shingo yake, na pembe zake zimekuwa butu.

Mama, wewe kwa upande wako usitoe dola 80, toa meza. Mahali pamoja karibu na mlango, penye mwanga na hewa, ambapo kipande cha milimeta 5 hakitafagiwa asubuhi. Visu viwe na kikopo chake juu, mbali na wadogo. Ile kole ya haraka ikikamata vidole, usivute. Loweka katika maji ya vuguvugu yenye sabuni mpaka viachane. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi na kumpeleka kituo cha afya bila kungoja.

Na mti mwepesi kijana atautoa wapi? Yule mzee aliyesema roboti ichomwe ni seremala, wewe mwenyewe umeandika. Nyuma ya nyumba yake kuna mabaki ambayo huyatia jikoni. Mtume mtoto kwake, aende na ule mchoro wenye vipimo, asiende mikono mitupu. Aombe kipande cha ukubwa wa kidole gumba, na kama mzee ana patasi nyembamba, aulize kwa heshima kama anaweza kuitumia pale pale mbele yake, jioni, mzee akiwa amemaliza kazi zake.